Kifo, Si Kito

Mashine imekimeza kitabu kizima na kukicheua.
Haba na haba hujaza kibaba, aliandika mwandishi;
mashine imeona: Baba na baba hujaza kibaba.
Nimecheka peke yangu, saa tano za usiku,
hapa Nyalenda, mvua ya ziwani ikipiga bati
kama nilivyokuwa nikipiga taipu Muhoroni
miaka ishirini na minane, barua za bei ya miwa,
bila kosa, nasema bila kosa,
na sikumbuki mkulima aliyelipwa kwa wakati.

Sasa silipwi mimi. Nasoma.
Kushoto picha ya ukurasa, rangi ya chai ya jana,
kulia maneno jinsi yalivyotoka.
Pembeni kidole gumba cha aliyeshika kitabu kikipigwa picha.
Simjui, ila kucha yake naijua,
ina ufa kama yangu.

Lala imekuwa moja-a-moja-a,
na sauti ya kompyuta ya Apondi haina haya,
itamsomea hivyo hivyo:
mama akamwimbia mtoto, moja-a, moja-a.
Namba ya ukurasa nayo imepenya katikati ya uchumba:
akamshika mkono akasema arobaini na saba nakupenda.
Hiyo nilitamani kuiacha.
Nimeifuta. Si mimi niliyeposa.

Apondi yuko kidato cha tatu, kule Luanda.
Hajaniona, nami sijamwona; hapo tuko sare.
Tunajuana kwa simu. Ana sauti ya mtu anayekula njugu.
Mwaka jana, katika kitabu kingine,
palikuwa na ombaomba asiyeona,
na mwandishi akayaita macho yake
maziwa yaliyochacha.
Nikasita. Nikaandika: macho yaliyofumba.
Nikalala usingizi wa mtu aliyetoa sadaka.

Mwezi haukuisha, simu ikalia.
"Mama, jirani yangu darasani ana kitabu cha karatasi.
Kwake ni maziwa yaliyochacha.
Yangu yamemwagwa na nani?"
Nikamwambia, mwanangu, sikutaka yakuume.
Kimya. Njugu moja ikapasuka.
"Yaniume. Huyo aliyeandika hivyo nataka kumjua,
nimtukane mwenyewe.
Wewe sahihisha mashine. Mwandishi niachie."

Tangu hapo kuna kijikaratasi ukingoni mwa skrini:
MWANDISHI MWACHIE.

Usiku huu, ukurasa wa mia moja na tatu.
Mjane ameketi, uji umepoa,
na mashine imesoma:
Hakuwa tayari kwa kito cha mumewe.

Kito.
Wino ulikuwa hafifu, kilemba cha f kimefutika,
imebaki t, kichwa wazi.

Ogweno alipoondoka nilikuwa na sufuria mkononi.
Miaka sita, wamekuja wa kanisa, wamekuja wa chama,
hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba kile kilichoingia mlangoni siku ile
kingeweza kuwa kitu cha kuvaliwa shingoni,
kinachong'aa, cha kurithisha.
Kidole kimesimama juu ya herufi
hadi skrini ikajizima yenyewe kuokoa chaji.

Nikaigusa, ikawaka.
Nikaandika f.
Kifo cha mumewe. Kama kilivyo kwenye picha,
kama atakavyokisoma jirani yake Apondi,
na wakibishana darasani
wabishane juu ya kitabu kimoja.

Kito nimekihamishia kwenye kijikaratasi,
chini ya amri ya yule mtoto wa watu,
kwa kalamu ya risasi, herufi ndogo.
Hicho hakiendi Luanda.

Zimebaki kurasa sitini na moja, na stima inapepesa.
Ng'ombe wamepoteza ritifaa tena:
ngombe, ngombe, ngombe, mistari kumi, zizi zima.
Nawarudishia, mmoja mmoja.