Chaki Juu ya Kabro

Mwalimu Nekesa alinipigia simu Ijumaa usiku:
"Njoo na kamera kesho saa mbili, kando ya soko la Kibuye.
Kidato cha pili watachora njia nzima.
Malipo si mengi. Chai ipo."

Nami mpiga pasipoti, mpiga harusi nikizipata,
mpiga mazishi mara nyingi zaidi,
nilifika na lenzi moja yenye ukungu pembeni
nikawakuta wamepiga magoti, arubaini na wawili,
kana kwamba mtu kaangusha sindano
na wote wanaitafuta.

Kabro za Kisumu hazikutengenezwa zichorwe.
Chaki hukwama kwenye maungio, huvunjika,
huruka ufa ikatua ng'ambo imesahau ilikotoka.
Ochillo alichora mbuta mrefu kumliko yeye mwenyewe,
kila tofali gamba,
na mama muuza omena akasimama, karai kichwani:
"Huyo ni shilingi ngapi?"
Tukacheka. Nikabonyeza.

Wa bodaboda walizima injini, wakasukuma pikipiki ukingoni
kama watu wapitao penye mtoto aliyelala.
Hilo nalo nikalipiga.

Halafu nikamfikia Akeyo, mwisho kabisa, peke yake,
na kipande cha chaki kidogo kama punje ya hindi.
Hakuinua kichwa.
"Kivuli chako kiko shavuni mwake."
Nikasogea. Nikatazama.

Uso ule niliujua.
Mwaka juzi, kibandani kwangu Kondele,
mama mmoja alikaa kwenye stuli mbele ya pazia la buluu.
Alitaka picha nne za pasipoti. Alikuwa na mwanya,
na kicheko kilichomponyoka kila nikifika mbili.
"Mama, usicheke. Serikali haitaki."
Akafumba mdomo. Nikampiga.
Disemba mjomba mtu akaileta ile ile niikuze,
ikakaa kwenye fremu juu ya jeneza,
mdomo umefumbwa vile vile nilivyoagiza.

Na sasa binti yake anaufumbua.
Kwa chaki, kwa kiganja, kwa mate ya ncha ya kidole
anautanua, ungio hadi ungio,
na penye mwanya hakuchora kitu:
ameuacha ufa wa kabro uwe mwanya.

Niliinua kamera. Nikaishusha.
"Piga tu," akasema, "jua litakuwa kali."
Nikapiga goti. Nikahesabu kwa sauti, kama nifanyavyo kibandani,
moja, mbili,
na kwenye tatu sikumkataza mtu.

Saa tisa mvua ikashuka kutoka Nandi, desturi yake,
hilo halina haja ya maelezo.
Jioni mke wangu akauliza goti la suruali limepakwa nini.
"Mteja mmoja alicheka," nikamwambia,
nikaivua, nikaitundika
mbali na karai la kufulia.