Sekunde Nne

Kijitonyama, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi.
Kuta tumezibandika trei za mayai na godoro la zamani,
feni tumeizima, maana kipaza sauti hakina adabu,
kinasikia kila kitu: feni, tumbo langu, bangili.
Bangili nimezivua, ziko mezani kwa Hamduni.
Kwenye kioo mbele yangu, Harin anangoja.

Miaka sita alikuwa mmoja wa wasichana saba.
Mpwa wangu Sikujua ana picha yao ukutani,
nywele za rangi ya embe bivu, ya zambarau, ya majivu,
na ndiye aliyenifundisha kumtafuta:
"Wa pili kutoka kulia, mamdogo. Subiri. Huyo. Kapita."
Sekunde nne katika kila wimbo.
Anatoka nyuma, anaimba mstari mmoja, anarudi nyuma,
kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.

Sasa kaliacha kundi. Nywele nyeusi, hazina kitu.
Ni binti wa muuza dawa katika mji wa bandari,
sweta la kijivu limelegea kiwiko,
na watu wa kwao, anasema Sikujua, hawampi hata mwezi:
huyo ni wa kucheza, wanasema, uso wake haujui kunyamaza.

Mimi ndiye Kiswahili chake.

Neno la kwanza lilitutesa asubuhi nzima.
Anafungua mlango, anamwambia mamake: nimekuja.
Kwao ni fupi, kama kugonga kijiko.
Mdomo wake unafumba, mimi bado niko katikati ya neno.
Tukajaribu "nimefika". Tukajaribu "ni mimi".
Hamduni akasema, "Sema Mama tu. Mengine ataona."
Basi nikasema Mama,
na mlango wa Korea ukafunguka kwa sauti ya Temeke.

Hamduni hajui kwamba nami niliwahi kuwa na kundi.
Tulikuwa wanne, vitenge sare, harusi za Yombo na Buza.
Mwajabu aliimba. Sisi tulipokea.
Miaka mitano nilipokea: eeh, eeh, na ukweli ndio huo.
Hakuna aliyejua sauti yangu ipo wapi ndani ya zile tatu,
hata mimi. Siku moja nilinyamaza makusudi;
wimbo haukupungua kitu.
Mwajabu sasa anauza mapazia Mtaa wa Kongo.
Tukikutana tunaulizana watoto.

Sehemu ya tisa. Mama yake amekufa.
Harin yuko jikoni, anaosha bakuli moja. Analia.
Nikasema, hapa tuache lake mwenyewe,
kilio hakina tafsiri.
Hamduni akatikisa kichwa: walipoiondoa sauti ya kwao
waliiondoa yote, maneno na machozi pamoja.
Kimebaki kishindo cha maji ya bomba.

Nikalia. "Hapana, hilo la msibani, la kusikiwa na watu."
Nikalia. "Hapana, umemeza mate."
Chini mtu akajaza upepo tairi. Tukangoja.

Mara ya tatu sikumtazama machozi, nilimtazama mikono.
Inaosha bakuli lililokwisha kutakata.
Na bega lake la kulia liko nyuma kidogo,
bado linampa mtu nafasi apite mbele.
Jikoni hamna mtu.

Nilichotoa sikijui.
Hamduni hakusema lolote, alivua vya masikioni,
akashuka kununua maji.

Jana jioni, dukani kwa Mangi, Mbagala Kizuiani,
nilisema: nipe unga nusu, na kiberiti.
Mtoto aliyekaa juu ya kreti za soda akaacha kulamba barafu.
Akanitazama, mwanamke wa miaka arobaini na tatu,
ndala zimeshonwa kwa waya,
kisha akainama kando yangu, akachungulia nyuma,
barabarani,
aone Harin amesimama wapi.