Maelezo Yangu Kuhusu Chupa ya Nipa

Mkuu wa Shule, umetaka nijieleze kwa maandishi.
Spiriti ya maabara iliisha tangu mtihani wa mkoa.
Hapa Kitangari spiriti nyingine ni ya Mama Ndembo,
ile ya mkamuo wa kwanza, iwakayo ukiigusa kwa kiberiti.
Nikailaza usiku kucha kwenye friji la barafu za ukwaju.

Asubuhi nikaanza na panya.
(Watoto wa Newala ukiwatajia panya
wanawaza chumvi. Niliwaacha wacheke.)
Nikasema: zamani, mbali, mtu alifuga vijidudu vya kichomi.
Wengine wana koti laini: wakiingia, panya anakufa.
Wengine hawana: panya anapiga chafya, anaendelea na safari.
Akawachemsha wenye koti mpaka wakafa,
akamdunga panya. Mzima.
Kisha akachanganya maiti wenye koti
na walio hai, walio uchi.
Panya akafa,
na damuni mwake wakakutwa hai, wamevaa.
Wala si nguo ya kuazima:
watoto wao walizaliwa nayo.

Nani aliwapa?

Somoe, dawati la nyuma,
aliyezika mama yake mikorosho ikichanua,
akajibu bila kunyoosha kidole:
"Marehemu."

Ndiyo, marehemu. Lakini marehemu huacha vingi,
jembe, kitanda, deni la dukani.
Ikapita miaka kumi na sita, wengine wakiipangua mirathi ile
kama wajomba baada ya arobaini.
Wakaondoa mafuta: koti likarithiwa.
Wakaondoa sukari: likarithiwa.
Wakayeyusha protini, ambayo mabingwa waliiapia,
likarithiwa.
Kikabaki kitu cheupe, chenye nyuzi,
kilichodhaniwa ni cha kujazia tu, kama sufi ya mto.
Wakakikatakata hicho.
Hapo urithi ukakoma.
Na bado, Mkuu, wengi walibisha.

Ndipo papai.
Tuliliponda mfukoni, chumvi kijiko, sabuni ya unga kidogo,
tukachuja kwa kipande cha kanga,
nikamimina nipa polepole ubavuni mwa bilauri.
Harufu ya kilabu ikajaa darasa
(mlinzi alichungulia mara mbili, hilo nakiri).
Pale nipa ilipokutana na maji
likapanda wingu, likawa kamasi,
likawa uzi.
Nikauzungusha kijitini ukakubali,
kama ulivyokubali kijiti cha kioo cha wale wa kwanza,
ambao nao, kumbuka, walitumia kilevi.

Somoe akasogea. Ana mwanya.
Kitangari nzima inaujua mwanya ule;
uliuza maandazi sokoni miaka kumi na miwili
kinywani mwa mwingine.
"Mikorosho wamechukua wajomba," akasema.
"Na sisi ukoo ni wa kwa mama. Uzi huu unajua?"

Nikamwambia huu ni wa wawili, nusu kwa nusu.
Ila upo mwingine, mdogo, unaokaa nje ya kiini cha seli,
na huo hupita kwa mama tu,
baba hatii mkono.
Akautazama ule wa papai kama anayesoma jina.
Akacheka.
Mkuu, ningekuwa na namna ya kuambatisha kicheko
ningekiambatisha hapa.

Chupa imebaki nusu, iko kabatini.
Papai lilikuwa langu.