Mpira Niliokunyima

Mwaka ule wa kwanza sikukupa mpira.
Naliandika leo, Anyimike, nimechoka kulibeba.
Nilikuona chini ya ringi, mkono juu,
nami nikageuka kushoto, nikampa Sekela.

Sababu nilikuwa nayo. Mikono yako ina sabuni,
tulisema hivyo; mpira ukikufikia umeshaaga.
Wavulana walikuita Mlingoti, ukaitika.
Uliinama hata kwenye milango mirefu,
ukatembea umekunja mabega
kama mtu aliyeazima urefu kwa jirani
na jirani anapita barabarani.

Uwanja wenyewe nusu saruji, nusu kuvu.
Mvua ya Tukuyu haipigi hodi:
tunakausha maji kwa magunia ya viazi,
tunagusa mpira mara mbili, imerudi.
Ubao wa mashariki ulikuwa mlango wa ghala la chai,
tundu la kitasa bado lipo.
"Lenga kitasa," alisema mwalimu Mwakibete, "hukosi."
Ulilenga, ukakosa, ukaomba radhi.
Kwa mwalimu, kwa Sekela, kwangu.
Siku moja nilikusikia ukiuomba radhi mpira.

Sijui ilianza lini.
Watu hupenda kuitaja siku, saa, na aliyekuwepo.
Mimi ninayo Alhamisi moja tu ya Juni,
baridi inang'ata masikio, ukungu umeufuta Rungwe wote.
Nilirudi kuchukua sweta
nikasikia soli zikikwaruza saruji.
Ulikuwa peke yako, mpira umeuweka chini kabisa.
Hurushi.
Unajifunza kusimama.
Magoti yamekunjwa, mgongo nyuma, kiwiko nje,
unamsukuma mtu ambaye hayupo,
naye anakusukuma,
nawe hung'oki.
Nikaondoka bila sweta.

Julai ulidaka pasi tatu kati ya kumi. Nilihesabu.
Agosti, sita.
Septemba ukanifuata bombani, maji yanakutiririka kidevuni:
"Usinipe kifuani. Nipe juu, wasikofika."
Ndiyo mara ya kwanza kukusikia
ukiutaja urefu kama kitu chako.

Kisha wakaja wa Kyela, na basi lao, na tarumbeta.
Senta wao mpana kama gunia la mchele wa kwao,
viwiko vyake vinajua kusoma mbavu.
Robo ya kwanza alikuketisha chini mara mbili.
Nilikutazama, nikingoja uombe radhi.
Ukapangusa tope kwenye bukta.
Ukainua mkono.

Nikakupa.

Ukageukia kulia, hapana njia.
Ukageukia kushoto, njia ikawepo,
ama uliileta wewe, sijui,
na mpira ukapiga kitasani, ukazama.
Nilikuwa nakimbia nyuma kukaba huku nalia,
mvua ikanisitiri.

Tulifungwa, pointi nne. Hilo liandikwe pia.
Lakini robo ya mwisho wakakuwekea wawili, halafu watatu,
nawe, katikati ya mikono yote ile, ukaniona.
Mimi. Niko wazi, hakuna wa kunizuia,
hata wauza ndizi nje ya uzio wamenyamaza.
Ungeweza kugeuka kushoto.
Ukanipa.

Nikarusha.
Nikakosa vibaya, mpira ukagonga chuma ukalia kama sufuria.
Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, neno radhi liko ulimini,
wewe umeshapanda,
juu ya gunia la mchele, juu ya tarumbeta, juu yetu sote,
mikono mikavu, mabega yamekunjuka,
ukaushika kwa viganja viwili
kama mtu anayeshusha chungu darini.

Ukanitafuta kwa macho kutoka huko.

"Tena," ukasema,
ukanirudishia.