Ngoma ya Msasa

Meza ya Mama Semkiwa ina upana wa inchi thelathini na sita,
mvule mtupu, mbao tano nimeziunga kwa gundi,
na bega langu la kulia limeshakataa msasa wa mkono.

Basi nikapanda Ngamiani, Barabara ya Nane, kutazama ngoma.
Si za kuchezwa: za chuma, zimevishwa msasa,
zinazunguka zikinung'unika.

Ile pana inameza meza nzima kwa mkupuo mmoja.
Inataka umeme wa fezi tatu. Mimi nina LUKU
na waya ninaogawana na mshona viatu.
Tena mlango wa karakana, nimeupima mara mbili,
ni mwembamba kuliko tamaa yangu.

Ile ndogo iko wazi ubavu mmoja:
unapitisha nusu, unageuza, unapitisha nusu.
"Itaacha mstari katikati," kasema Mhina, mwanafunzi wangu,
ambaye hajawahi kununua hata nyundo.

Mstari nitauona kwa kiganja, nimefumba macho.
Hapo mkono utaitwa tena,
dakika kumi, si siku mbili.

Nimelipa nusu.
Bega linauliza nusu nyingine itatoka wapi.