Kalibu ya Nygaard

Niliipandia bei kwa ajili ya mipini:
mti wa mjozi, mweusi kwa jasho la viganja
vya watu nisiowahi kuamkiana nao.
Dola arobaini na tatu, mnadani kwa akina Nygaard,
maili kumi na mbili kutoka Lewistown,
theluji ya Machi ikiangukia masanduku yaliyo wazi,
na Verla, mjane, kasimama mlangoni mwa ghala
akitazama misumeno na koleo zikiondoka
kwenye magari ya majirani.
"Hiyo haifunguki," akaniambia.
Hakuongeza neno.

Nyumbani ninazo hamsini na moja.
Ipo ya shaba, ndogo kama kibanio cha njugu.
Ipo iliyokwanguliwa jina kwa msumari, LOTTIE,
na hadi leo sijui Lottie alikuwa mke,
bunduki, au farasi.
Zote zimepakwa mafuta, zimelala kwenye droo
ambazo zamani zilikuwa za soksi.

Jumamosi nawasha jiko.
Ndani ya sufuria: vizani vya magurudumu
anavyoniwekea Duane pale gereji,
bomba la kanisa la Walutheri lililobomolewa,
bati kiasi, kipande cha nta.
Moshi unapanda, mavi ya risasi yanaelea,
nayaengua kwa upawa,
na chini yake uso unang'aa,
kioo ambacho hakuna wa kukiinamia.
Dirisha liko wazi hata baridi ikiuma.
Kofia naiacha nje:
tone moja la theluji likidondoka humo
sufuria itatapika hadi darini.
Kovu hili la kifundoni ndilo ada niliyolipa.

Daktari aliponipima damu alisema,
"Una risasi mwilini,"
nami, mzee mzima, nikajipapasa
nitafute tundu ilikoingilia.

Siku tatu niliiloweka kwenye mafuta ya taa.
Siku ya nne niliiegemeza ukingoni mwa sufuria.
Chuma hakibembelezwi, hupashwa.
Bawaba ikalia mara moja,
mataya yakaachana,
na ndani, kumbe, ilikuwamo moja,
na kikonyo chake hakijakatwa,
imejaa mikunjo kama uso wa mtoto wa siku moja.

Yeyote anayesubu ataijua.
Ya kwanza huwa hivyo. Kalibu bado ya baridi,
risasi inaganda kabla haijajaza pembe.
Unaitupa tena motoni, unamimina ya pili, ya tatu,
ya kumi inatoka laini, unaisikia kwa kidole.
Thurman Nygaard alimimina ya kwanza
akaiacha ipoe.

Nilimpigia simu Verla.
Kimya kirefu, friji lake likinguruma nyuma.
"Nilimwita chakula," akasema.
"Viazi na nyama ya paa. Akaja.
Alikula vizuri.
Alikula vizuri kabisa."
Kisha: "Irudishe motoni, si ndivyo mfanyavyo?"

Niliishika kwa koleo juu ya sufuria
muda mrefu kuliko inavyofaa.
Ilizama nzima nzima, nikaona mgongo wake,
halafu sikujua tena ipi yake, ipi ya bomba la kanisa.
Nikaifukiza kalibu kwa masizi ya mshumaa.
Nikamimina. Nikahesabu hadi saba.
Nikakata kikonyo kwa kipigo cha rungu la mti,
na zikaanza kudondoka juu ya taulo kuukuu,
moja moja, zikitoa sauti ya matunda mabovu.

Mia na kumi, kufikia saa tisa.
Nyingi nitazipiga kilimani nyuma ya zizi,
na mwezi wa tano, udongo ukilainika,
nitazichekecha kwa ungo wa waya
nizirudishe sufuriani.

Verla ameomba moja.
Nilichagua muda mrefu kwenye taulo,
mke wangu akiuliza nilichopoteza.
Sikumpelekea ya kumi.
Nilimpelekea ya pili,
iliyobaki na mkunjo mmoja ubavuni.
Aliipokea na glavu mkononi,
akaipima uzito,
akauliza kama nimeshakula.