Sekunde Tisa

Ghubra, chumba cha kuhariri, kiyoyozi kinakohoa.
Nimehesabu: uso wa mwimbaji, dakika mbili na nusu.
Thuwaiba kapewa sekunde tisa,
na humo mna kiganja chenye hina,
dele likimimina kahawa,
pindo la shela likipita mlangoni, polepole,
kama moshi wa udi usiojua chetezo chake.

Mundhir ananiagiza: mwanamume mpake dhahabu,
mwanamke mpe buluu, mfifishe kidogo.
Namfifisha. Ndiyo kazi yangu.

Lakini mimi ninazo picha zote, hata zilizotupwa.
Michanga ya Bausher, saa kumi alasiri:
gari la mahaba limezama hadi ekseli,
mwimbaji kando, anakung'uta kanzu.
Thuwaiba anavua viatu,
anapunguza upepo, tairi moja moja,
anashika usukani,
na gari linapanda tuta likinguruma.
Anacheka. Jino lake la pembeni limemeguka.

"Hiyo kata," kasema Mundhir. "Haina urembo."

Nimeikata.
Nimeihifadhi kwenye faili lenye jina lake, na la babake, na la babu.
Rangi sikuigusa.